Mwanangu amekuwa kibarua kwenye majaruba ya jirani

Kosa tunalofanya wazazi wengi huku vijijini ni kudhani kijana anayelima shamba la baba yake hana kazi. Watu wakimuuliza anafanya nini siku hizi, tunamjibia sisi: "Huyu yupo yupo tu nyumbani."

Mimi ni baba wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu. Naishi upande wa Usevya, tunalima mpunga kwenye majaruba, vile vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ya kuzuia maji. Admin, naomba unifichie jina. Mwanangu wa mwisho, nimwite Deo, ana miaka ishirini na saba. Tangu amalize shule ndiye anayelima majaruba yangu yote. Niwaeleze utaratibu wa nyumbani kwangu, maana wengine mpo mbali: kijana akiwa bado anakula kwa mama yake, mavuno ni ya baba. Siku akioa, anaonyeshwa sehemu yake. Kaka zake walipita humo humo.

Msimu huu miche ilipofikia kuhamishwa kutoka kitaluni, asubuhi moja sikumwona Deo. Nikaenda shambani, nikamkuta ng'ambo ya tuta, kwa jirani yetu Mama Regina, ameinama na vibarua wengine anapanda mpunga. Akaniamkia vizuri tu, "Shikamoo baba," akaendelea.

Mama Regina akacheka. "Mwalimu, huyu anapanda kama mashine! Nitakuazimisha siku moja, lakini leo ni wangu."

Vibarua wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Sijui kwa nini.

Jioni nikamuuliza kulikoni. Hakupandisha sauti.

"Baba, kule jua likizama najua nimemaliza, na nilichopata ni changu."

"Si unajua utaonyeshwa shamba ukioa?"

"Nitaoa na nini, baba?"

Mama yake aliyekuwa anapepeta mchele akasimamisha ungo. Mimi niliyefundisha watoto wa watu miaka yote ile nikainuka, nikaenda kufunga mlango wa nje.

Bado anakwenda kwa Mama Regina. Miche yangu inageuka njano kitaluni, magoti yangu hayawezi tena matope, na vibarua wengine wameshachukuliwa. Mke wangu anasema, "Mlipe kama kibarua, yaishe." Nikimlipa kama mpita njia, atabaki mwanangu? Nikimkatia sehemu kabla ya ndoa, kaka zake waliosubiri watanielewa? Ajabu ni kwamba sisikii hasira, wala uchungu. Nakaa kwenye tuta namtazama anavyonyoosha mistari, kama namwangalia mtoto wa mtu mwingine.

Nyie mnaosoma, nielekezeni. Nishike lipi, na miche haingoji?

Na wewe mwenye kijana mkubwa anayelima shamba lako, usisubiri msimu uishe. Leo, kabla hajatoka na jembe, muulize ni jaruba lipi angependa liwe lake.