Tumbo la Mihayo na Heshima ya Wakwe

Mihayo Masalu alikuwa jirani yangu Buzuruga kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sikumbuki hata mara moja niliyomwambia jambo la faida akalifuata siku hiyo hiyo. Hakuwa mjinga. Alikuwa karani wa ghala la pamba, na angeweza kukadiria uzito wa gunia kwa kulitazama tu. Ila lilipokuja suala la chakula, kichwa chake kilifungwa kama ghala lenyewe siku ya Jumapili.

Asili yake ni kijijini, ng'ambo ya kivuko cha Kigongo. Baba yake alifariki mapema, na mama yake akabaki mjane asiye na ng'ombe hata mmoja. Walikula ugali wa mtama na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa juani hadi yakauke, kisha yakapikwa kwa karanga wakati wa kiangazi. Mchana, akichunga ng'ombe wa baba yake mdogo, alishiba mapera, ukwaju na matunda mengine ya porini. Mimi nililelewa hivyo hivyo, na leo nina miaka sabini na minne na meno yangu mengi bado yapo. Lakini watoto wa wenye ng'ombe walikuwa wakimwita "mla majani", na jina hilo alikuja nalo mjini moyoni. Alipoanza kupata mshahara aliapa kwamba majani hayatapita tena kooni mwake.

Maadamu alikuwa karani, kiapo hicho hakikuleta madhara makubwa, kwa sababu mshahara haukukiruhusu. Nyama ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Mkewe Wilhelmina alikuwa na matuta ya mchicha na mgagani nyuma ya nyumba, na mipapai miwili iliyozaa mpaka tukawa tunagawiana na majirani. Mihayo alinuna, akala. Siku hizo kila ua wa mtaa wetu ulikuwa na kitu cha kuchuma. Ungeweza kwenda kwa mtu kuomba limau bila aibu, na yeye akaja kwako kuomba mchicha.

Kisha likaja hilo soko huria. Mwaka 1994 chama cha ushirika kilipunguza watu, Mihayo akiwa miongoni mwao, na kwa kiinua mgongo chake akaingia biashara ya kayabo. Kayabo ni sangara aliyepasuliwa, akajazwa chumvi na kuanikwa mpaka akawa mgumu kama ubao, halafu akapakiwa kwenye malori kwenda Kongo. Viwanda vilikuwa vinachukua minofu na kuipeleka Ulaya, sisi tukiachiwa vichwa na mifupa, na kati yetu na viwanda wakasimama watu kama Mihayo. Alikata mipapai yote miwili. Matuta ya Wilhelmina akayamwagia sakafu ya saruji, pawe mahali pa kutilia samaki chumvi. Maji ya chumvi yalitiririka hadi kwenye ua wangu, na mlimau wangu ukakauka. Nilipomlalamikia alinipa samaki wawili wa chumvi kuwa fidia.

Hakuna mtaa uliosalimika. Palipokuwa na mpera pakawa na kibanda cha soda. Watoto wakaanza kunywa juisi ya unga wa paketi, maji ya rangi tu, na maembe yakaoza chini mita chache kutoka walipoketi. Madukani mjini nikaona matufaa kutoka Afrika Kusini, kila moja limevikwa karatasi kama zawadi, na mapapai ya kwetu yamewekwa chini kwenye gunia. Mtu akipata nafasi kidogo, jambo la kwanza anafukuza majani mezani, ionekane kwamba ameondoka kwenye umaskini.

Mihayo alikula kayabo asubuhi kwa chai, mchana kwa ugali, jioni kwa wali. Jumapili alikula nyama ya kukaushwa kwa moshi. Wilhelmina alikuwa akijipikia nsansa kwenye chungu kidogo na kukificha nyuma ya pipa la maji, kama mtu anayeficha pombe.

Mwaka 1996 tumbo likaanza. Alikula matonge matatu akajiona ameshiba. Kifua kikamchoma. Mkanda wake niliona umeongezwa tundu moja, kisha la pili. Akawa anatafuna vidonge vya magnesia kama pipi na kunywa mwarobaini. Mimi sikusoma shule ndefu, lakini kila karatasi yenye maandishi inayopita mikononi mwangu naisoma, na nilikuwa na kijitabu cha afya nilichopewa kanisani. Nilimsomea kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi huonekana kupata saratani ya tumbo kwa uchache, na wanaokula vya chumvi nyingi kila siku huonekana kuipata zaidi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Mzee Chenge," akasema, "sungura hula majani maisha yake yote. Umewahi kukutana na sungura mzee?"

Wilhelmina ndiye aliyemshinda, na hakutumia kijitabu. Alimwambia hatapika tena kitu chochote mpaka aende hospitali. Kwa siku mbili hakupika. Siku ya tatu Mihayo alikwenda, na huko daktari, mama mmoja kijana aitwaye Celestina, alimbonyeza tumbo, akamuuliza maswali mengi, kisha akampangia kipimo cha kumeza mpira wenye taa ili aone kuna nini ndani. Kilipangwa Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi. Akamwonya asile kitu tangu Jumapili usiku, kwa sababu tumbo lenye chakula halionyeshi kitu. Akamwambia pia asichelewe: kama ni kidonda kitatibika, na kama ni kitu kibaya, wiki zina maana.

Sasa ilikuwa hivi. Binti yake Gladness alikuwa ameposwa na kijana wa Bukoba, Florian, na wazee wa Florian walitarajiwa kwa meli siku ya Jumamosi kuja kujitambulisha. Meli ikaharibika. Haikutia nanga Mwanza Jumamosi wala Jumapili. Jumatatu asubuhi, Mihayo amekwisha kuvaa shati la kwendea hospitali, hao wakwe mlangoni na mizigo yao: Mzee Mutayoba, baba wa kijana, na dada yake Kokulinda, wamebeba mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna.

Wilhelmina alinong'ona kwamba aende tu, wageni atawapokea yeye pamoja nami. Mihayo akamtazama kama aliyetukanwa. Mwenye binti akimbie wakwe? Angekaa nusu saa, alisema, kisha atoke.

Chakula kilikuwa kimepikwa tangu alfajiri, kwa kuwa hatukujua watafika lini. Kwetu mwenye nyumba hawezi kunawa mikono na wageni kisha akakaa anawatazama wakila. Huo ni ubaya; wataondoka wakijiuliza kuna nini kwenye sahani, au kuna nini baina yenu. Beseni la kunawia lilipomfikia Mihayo nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akanawa. Nikamkanyaga tena, akavuta mguu.

Hapo shangazi Kokulinda akainua macho kutoka kwenye nyama na kayabo.

"Mkwe, samahani, mimi sina aibu," akasema. "Mboga za majani ziko wapi? Nyumbani wameniambia Wasukuma mna majani makavu ya karanga. Nimekaa melini siku mbili nayawaza hayo tu."

"Hayo hatuwapi wageni, shangazi," Mihayo akajibu.

"Basi mnawapa nani, ng'ombe?"

Mutayoba akacheka mpaka akakohoa. Wilhelmina hakusubiri ruhusa. Alikwenda nyuma ya pipa akaleta kile chungu. Shangazi akala, akakomba, akamwambia kaka yake amwachie kidogo, na kaka akamjibu ale ndizi zake mwenyewe. Mihayo aliona haya ya kufa. Wakwe wameletewa chakula cha mjane. Ili ijulikane kwamba nyumba ile ina kitu, akajimegea kipande kikubwa cha kayabo, akakila chote, akafuatisha kingine.

Alifika hospitali saa tano. Muuguzi akamuuliza kama amekula. Akasema kidogo tu, samaki. Muuguzi akafunga faili na kumwambia arudi Jumatatu inayofuata akiwa na njaa.

Jumatatu hiyo hakurudi. Alisema tumbo limetulia, na kwamba mahari inakuja, si wakati wa kulala hospitalini. Nilikwenda kwake mara sita. Mara mbili tuligombana mpaka majirani wakatoka nje. Mahari ikaja, ikaliwa, na baada ya miezi mitatu Mihayo akatapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Ndipo akameza mpira. Waliona uvimbe, na kipande walichochukua kikaonyesha ni saratani. Walipomfungua waliona imekwisha kuvuka kwenda kwenye ini, wakamshona tena.

Nilimuuliza daktari Celestina, na hasira yangu sikuificha, kama si hiyo kayabo inayomuua. Alinijibu polepole. Hakuna anayeweza kuinyooshea kidole sahani moja, alisema. Kuna vijidudu vya tumboni, kuna bahati, kuna mengine tusiyoyajua. Chumvi nyingi ya miaka mingi huongeza hatari, matunda na mboga huenda huipunguza, lakini wapo wala mboga wanaougua. Alichoweza kusema bila shaka ni kwamba miezi mitatu ni mirefu kwa ugonjwa huo. Jibu hilo halikunifaa. Nilikuwa nimekuja na wa kumlaumu tayari.

Niliingia wodini. Mihayo alikuwa amebaki macho na mbavu. Wilhelmina alikuwa anamlisha papai lililopondwa, nusu kijiko kwa nusu kijiko, naye anameza bila ubishi, ubishi ambao kwa mara ya kwanza niliutamani. Nikashindwa kunyamaza. Nikamuuliza kwa nini siku ile alinawa mikono.

"Sasa wakwe ningewaambia nini, Mzee?"

"Ungewaambia unaumwa tumbo, una kipimo saa nne."

Alikunja uso kama anayekadiria gunia.

"Hilo halikunijia," akasema.