Ng'ombe Aliyependa Hadithi

Harufu ya viazi vitamu vinavyoiva kwenye majivu, ikichanganyika na moshi wa kuni mbichi za mkaratusi: hiyo ndiyo harufu ya kitabu kwangu mimi. Wenzangu ofisini hapa Kisii mjini wakizungumzia kusoma hutaja kiti kizuri, taa nzuri na utulivu. Mimi macho huanza kuniwasha. Nilikulia Nyamira, kwenye mteremko wa mashamba ya chai, na alasiri karibu zote za utoto wangu zilikuwa na mvua. Ilianza tukiwa njiani kutoka shuleni, ikatukimbiza mlimani na mabegi vichwani, na kila mtu akaingia chini ya paa lililokuwa karibu naye. Paa langu lilikuwa la jiko la Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, mama mzazi wa Baba. Lilikuwa jiko la udongo lenye mabati yaliyochakaa, na yeye alishinda humo kutwa, akipukuchua mahindi au akimenya ndizi, akingoja mtu wa kumchokoza.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nne na kusoma kulikuwa kumenishinda. Herufi nilizijua, hata maneno niliyatamka moja moja, lakini nikifika mwisho wa sentensi nilikuwa nimeshasahau mwanzo wake. Mwalimu alimweleza Baba bila kuzunguka: mtoto huyu asipoweza kusoma ukurasa mzima mbele ya darasa kabla ya shule kufungwa, atarudia. Kurudia kwenyewe kusingeniumiza sana. Kilichoninyima raha ni kwamba mdogo wangu Nyaboke alikuwa darasa la tatu, na alikuwa ameshaanza kuwatangazia watu kisimani kwamba mwakani tutakaa dawati moja na atanisaidia. Baba, aliyekuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani chai, alilikabili jambo hilo kikarani. Alichora ratiba kwa rula akaibandika ukutani: asubuhi ukurasa, jioni ukurasa, na vitabu viwe vya shule tu. "Hadithi haziji kwenye mtihani," alisema, nasi tukajua mjadala umefungwa. Niliifuata ratiba ile kwa uso wa mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo, na sikuona kama kuna kitu kinaingia kichwani.

Kilichoniokoa kilitoka kwenye begi. Shangazi alininunulia begi la mtumba sokoni Marani, na kwenye mfuko wake wa ndani kulikuwa na riwaya ya Kiswahili iliyosahauliwa na mwenyewe. Haikuwa na jalada. Ilianzia pale ambapo Rehema, msichana fundi cherehani, anamwona kwa mara ya kwanza daktari wa mifugo aliyehamishiwa mjini kwao. Nilitaka kuwashia moto karatasi zake. Magokoro, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia ndizi, akanishika mkono. "Ngoja kwanza, mume wangu. Hebu niambie wameandika nini hapo." Mume wangu ndivyo nyanya zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume kwa utani. Nikamsomea sentensi, nikamfasiria kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, naye akasema, "Kisha?" Nikasoma nyingine. "Kisha?" Mwalimu alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo, yeye alitaka tu nifike mwisho wa mstari. Neno likiwa gumu nililiruka, nikazoea nikaruka mstari, nikazoea zaidi nikaruka nusu ukurasa, na Magokoro akaendelea kumenya ndizi hadi ghafla kisu kikasimama. "Rehema alikuwa chumbani anashona. Sasa yuko mtoni na ndoo. Nani amempeleka?" Ikanibidi nirudi kumchukua Rehema nilikomwacha, na kumleta mtoni neno kwa neno.

Sasa, sisi Wagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni, ile aibu ya heshima kati ya mzazi na mtoto wake. Mambo ya mapenzi hawayataji wala hawayasikii pamoja, hata mtoto akiwa na mvi. Nyanya na mjukuu hawana aibu hiyo. Wao wameumbiwa kutaniana. Kwa hiyo daktari wa mifugo alipomshika Rehema mkono nami nikanyamaza, Magokoro alinishangaa. "Soma. Unafikiri baba yako nilimwokota kwenye chai?" Tatizo ni kwamba huyo baba mwenyewe alikuwa nje. Wakati wa mvua ng'ombe wetu alifungwa upenuni mwa jiko, upande wa pili wa ukuta, na Baba alikuwa ameanza kumhudumia kwa bidii ambayo Mama hakupata kuiona. Alimletea majani, akamkagua kwato, akamtoa kupe ambao sidhani kama walikuwapo. Rehema akiwa kwenye cherehani, ng'ombe alihudumiwa pale pale. Daktari akiingia na kufunga mlango, tulisikia Baba akikohoa, kisha buti zake zikienda mbio kwenye matope hadi kwenye migomba, na baada ya muda wa kutosha zikirudi taratibu. Magokoro alijua. Mimi nilijua. Hakuna aliyeweza kusema, maana kusema kungekuwa kukiri kwamba mtu, mama yake na mwanawe wanasikiliza mapenzi pamoja. Na kwa sababu hiyo hiyo Baba hakuweza kumwuliza yeyote kati yetu kilichotokea alipokuwa kwenye migomba.

Sura ya mwisho iliangukia siku ya mvua ya mawe. Rehema alikuwa ameshavishwa nguo ya harusi, tayari kuolewa na mfanyabiashara wa sukari asiyempenda, na daktari alikuwa njiani akisukuma baiskeli iliyopasuka gurudumu. Mabati yalinguruma hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri sauti yangu. Ndipo sauti nzito ikapenya ukutani: "Rudia hapo. Alifika au hakufika?" Niliganda. Nadhani Baba naye aliganda, kwa sababu hakukohoa wala kusogea. Nilikuwa nimekamatwa na hadithi isiyokuja kwenye mtihani, lakini hilo lilikuwa dogo. Aliyenikamata alikuwa amejikamata mwenyewe, tena mbele ya mama yake. Niliona kitabu kikiingia motoni na mimi nikirudi kwenye ratiba, na Nyaboke akinipangusia dawati. Magokoro hakugeuza hata shingo. Alichokoa kiazi kwenye majivu, akakipuliza, akasema polepole, "Ng'ombe ana swali. Msomee kwa sauti, mume wangu. Naye amevumilia mengi."

Basi nikasimama. Nilisoma kwa sauti ya kushindana na ile mvua, nikitoka jasho, bila kuruka neno, kwa sababu hata mimi nilitaka kujua kama alifika. Alifika. Waligombana kidogo mlangoni, wakacheka, wakashikana, na safari hii sikusikia buti zikienda popote. Nilipofunga kitabu nikagundua kwamba nimemaliza sura nzima na sikuwa nimehesabu kurasa hata mara moja.

Siku chache baadaye mwalimu aliniita mbele. Nilisoma ukurasa wangu kwa ile ile sauti ya mvua ya mawe, na darasa la jirani likanyamaza kutusikiliza. Nyaboke alininunia hadi tulipofunga shule. Baba hakunipongeza, hilo si jambo la karani, lakini aliporudi kutoka Kisii mjini alinipa kifurushi cha gazeti huku akitazama pembeni. "Nimeokota hiki zizini," alisema. "Angalia kama ni cha shule." Ilikuwa riwaya mpya kabisa, bado inanukia duka. Haikuwa ya shule. Ratiba ilibaki ukutani mpaka mende walipoimaliza.

Sasa naishi Nyanchwa, hapa hapa Kisii mjini, na mke wangu na binti yetu Kwamboka. Nilipoona mtoto hapendi vitabu, nami, mtoto wa karani, nikachora ratiba, tena ya rangi, nikaibandika kwenye friji: kurasa kadhaa kila jioni, na nyota akimaliza. Anazisoma kwa uso ninaoujua vizuri, ule wa dawa ya minyoo. Magokoro alishatutoka, na mvua ikianza namkumbuka hadi roho inaniuma. Baba amebaki Nyamira, macho yameingia ukungu na maandishi hayaoni tena, na Jumapili huwa tunakwenda kumjulia hali. Juzi alimtoa Kwamboka kwenye simu kwa neno moja tu. "Mke wangu," alimwambia, "nina kitabu hapa na sijui kinaishaje." Wakakaa sebuleni, mimi nikabaki na chai yangu nje ya dirisha. Mtoto alianza kwa kusitasita. Baba akasema, "Kisha?" Akasoma tena. "Kisha?" Baada ya muda sikusikia tena kusitasita, nilisikia wote wawili wakicheka. Kisha kijana wa kwenye hadithi akaanza kumnong'oneza msichana maneno, nami nikakohoa, nikaenda kuangalia magurudumu ya gari.

Niliyaangalia yote. Nikafungua boneti, nikaifunga, nikarudi taratibu hadi chini ya dirisha, na hapo mvua ikashuka juu ya mabati na sikusikia tena neno. Walikuwa wamefika wapi? Alimkubali au alimkataa? Nilisimama pale nimelowa, mtu mzima mwenye kazi yake, siwezi kumwuliza baba yangu na siwezi kumwuliza binti yangu. Ndipo nikasikia kiti cha Baba kikisogezwa karibu na dirisha, na sauti yake ikaja juu ya mvua.

"Kwamboka, paza sauti. Gari la baba yako halisikii."