Kovu Lililotajwa Mkutanini

Mtaa mzima humwita Fundi Kufuli. Kibanda chake hakizidi upana wa kitanda. Ukutani zimening'inia funguo ambazo hazijachongwa, na mezani kuna tupa, koleo na kopo la mafuta. Ni mtu mwadilifu. Nalisema mapema kwa sababu kosa ninaloeleza lilifanywa na mtu mwadilifu, na makosa ya namna hiyo ndiyo tunayoyaonea haya kuyaita makosa.

Fundi ni mmoja wetu, watu saba tunaojitolea kuwalea vijana ambao polisi wameshazijua sura zao. Kila mlezi ana kijana mmoja. Tunakaa nao kila Jumamosi, tunawatafutia kazi, tunawasikiliza. Sharti letu kubwa ni hili: alichosema kijana hakitoki nje.

Yeye alipewa binti wa miaka kumi na tisa, mwembamba, ambaye kaka yake na wenzake walikuwa wakimpenyeza kwenye madirisha madogo ili awafungulie milango. Wiki nne hakusema neno. Fundi hakumlazimisha, alimwekea kufuli mbele yake, akaendelea na kazi. Wiki ya tano binti akaligeuzageuza.

"Mzee, hili ningelifungua kwa pini ya nywele."

"Najua. Ndiyo maana pini zangu nimeziacha nyumbani."

Wakacheka, na siku hiyo akamsimulia yote, hata alivyokwama kwenye dirisha la choo cha duka la dawa, kioo kikamchana mkono kutoka kiwiko hadi kiganja.

Baadaye Fundi akamwombea kazi kwa Mama Mikate, mwenye duka la mikate. Akamwambia tu kwamba ni binti anayehitaji pa kuanzia. Binti akaanza kwa kufagia, akahamia kaunta, na mwisho akapewa ufunguo wa kufungua duka asubuhi. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ukuta kati yake na kaka yake, ambaye hakuchoka kumwambia, "Utarudi tu."

Kisha tukaitisha mkutano katika ukumbi wa shule, tukitafuta walezi wapya. Watu walikuja wachache, tena kwa shingo upande. Dereva mmoja wa lori akapaza sauti kutoka nyuma:

"Mwonja asali haonji mara moja! Nyinyi mnafuga wezi, mnawaita wanenu!"

Ukumbi ukacheka. Fundi akapandwa na hasira, akasimama. Akasimulia habari za binti mmoja, dirisha la choo, kioo, kovu la kiwiko hadi kiganja, na jinsi leo anavyoaminiwa na watu. Jina hakulitaja. Watu wakamshangilia, nami nikiwa wa kwanza kupiga makofi. Kati yetu walezi sita tuliokuwa tukimsikiliza, hakuna aliyemvuta shati aketi.

Mama Mikate alikuwa mstari wa tatu. Jumatatu akamwomba binti ufunguo, akamwambia aende nyumbani.

Fundi alikwenda dukani mbio. "Mama, sikumtaja jina!"

"Jina la nini? Mkono ule ndio unaowapa watu mikate kila siku. Leo wateja watatu wameniuliza kama ndiye. Na wewe, fundi mzima, ulijua ukanificha."

Nyumbani mkewe hakumhurumia: "Milango ya watu unaifunga vizuri, baba. Mdomo wako umekushinda?" Usiku huo hakula.

Kesho yake alimkuta binti ameketi kizingitini kwao, kaka yake ndani akicheka na wenzake. Binti hakusimama.

"Umekuja kutafuta hadithi nyingine, Mzee?"

"Nimekosa, mwanangu. Nilitaka kukusifu."

"Ulitaka kusifiwa."

Fundi aliinamisha kichwa. Ameniambia mwenyewe kwamba hapo ndipo alipotamani ardhi ipasuke, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Ungeniuliza," binti akasema. "Huenda ningekubali. Huenda ningesimama mwenyewe."

"Twende kwa Mama. Nitakuwa mdhamini wako. Nitamwambia kikipotea chochote anidai mimi."

"Unanisemea tena!" Binti akainuka. "Njoo ukitaka, lakini nyamaza."

Wakaenda. Fundi akabaki mlangoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Binti akakunja mkono wa blauzi, akaulaza mkono wake juu ya kaunta.

"Mama, ni mimi. Nimekaa na ufunguo wako miezi mitano. Kuna mkate uliopotea?"

Mama Mikate alilitazama kovu. "Hakuna."

"Basi nirudishe kwa kazi yangu, au unifukuze kwa kazi yangu, si kwa kovu."

Alimrudisha, lakini si kaunta. Alimpeleka nyuma, kwenye tanuri, na ufunguo hakumpa. Binti alifunga aproni akaanza kupanga trei. Fundi alitaka kusema ahsante, akakumbuka alichoambiwa, akaondoka kimya.

Siku hizi mlezi wa binti ni muuguzi mmoja wa kundi letu. Binti aliomba mwenyewe abadilishiwe, nasi hatukuwa na uso wa kumkatalia. Fundi bado huja kila Jumamosi. Ukimuuliza yule binti anaendeleaje, hukujibu, "Muulize mwenyewe," kisha hutazama sakafu.