Boti Isiyolaliwa

Mama Shuka alikubali kwenda baharini kwa sababu moja tu, na sababu hiyo haikuwa bahari. Alitaka kumwacha mumewe, na mumewe hakuwa mtu unayeweza kumkalisha chini ukamwacha kwa utaratibu. Kila mke alipopiga moyo konde aseme, mume ama yuko safarini, ama amerudi jana na amelala, ama anafunga begi. Utamwacha vipi mtu ambaye kila ukigeuka ameshaondoka? Basi mpishi wa safari alipopata udhuru dakika za mwisho, na mume akauliza kwa aibu kama mke wake anaweza kuwashika mkono jikoni, Mama Shuka alisema ndiyo kabla swali halijaisha. Alijiambia kwamba kwenye boti mtu huyo hana pa kukimbilia.

Jina la Mama Shuka alipewa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako alifua, akapiga pasi na kukunja mashuka ya wagonjwa mpaka mabega yakagoma. Alikuwa amestaafu majuzi. Mumewe kazi yake ilikuwa kupeleka boti za watu. Tajiri akinunua boti nchi ya mbali, au akiihamisha, yeye mwenyewe hasumbuki na mawimbi. Hupanda ndege, na boti hupelekwa na Nahodha. Nahodha ndiye huyo mume. Akishafika hukabidhi funguo, hurudi nyumbani na begi lake moja, hukaa kidogo, kisha simu inalia tena. Ndivyo walivyoishi tangu binti yao anatambaa mpaka binti akaolewa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu mgeni jembe likitafutwa anakuwa ameshaaga.

Wala si kuondoka kulikomchosha. Wanaume wangapi wanaondoka, na wake zao wanashukuru wapate kupumua! Kilichomchosha ni kule kurudi. Nahodha akirudi, alikunywa chai na kikombe akakiosha papo hapo, akakifuta, akakirudisha mahali pake, mkono wa kikombe ukitazama ukutani kama alivyoukuta. Nguo zake zilikaa begini. Alilala ukingoni mwa kitanda, akiamka anatandika. Akishaondoka, Mama Shuka alisimama katikati ya sebule yake mwenyewe asione dalili hata moja kwamba alikuwa na mume jana. Majirani walimsifu kwamba amepata malaika. Naam, malaika, lakini nani aliyewahi kuzeeka na malaika? Mwisho alijijibu mwenyewe kwamba mtu huyu haipendi nyumba yake, au anayo nyingine anakotupa soksi. Hakukasirika tena. Alichoka tu, mchoko ule ambao hata ukilala unaamka nao. Dada yake, mjane, alikuwa na chumba cha ziada chenye dirisha kubwa, na alishasema, "Njoo tukae, mdogo wangu." Lilikuwa limebaki neno moja tu la kumwambia mume.

Boti yenyewe ilikuwa nyeupe, ya ghorofa tatu, na mwenyewe alikuwa amehamia nchi nyingine, akataka imfuate iegeshwe chini ya nyumba yake mpya. Mama Shuka alipoingia ndani mara ya kwanza alisimama akashika kiuno. Makochi ya ngozi, zulia linalomeza kidole cha mguu, vyumba vya kulala vinavyoshinda vya hoteli. Akavua viatu haraka. Alipogeuka, akawaona Nahodha na Fundi wa injini, mtu mnene mwenye maneno mengi, wanafunika kila kitu kwa nailoni. Walifunika zulia, makochi, vitanda, hata meza ya kulia.

"Sisi tutakaa wapi?" aliuliza.

"Chini, karibu na injini," alisema Nahodha. "Kuna chumba cha mabaharia. Tutakula huko huko, kwenye sahani za karatasi. Hapa juu tunapita tu."

"Boti yote hii?"

"Sisi tunaipeleka, hatukai. Inatakiwa ifike kama ilivyotoka. Mwenyewe asijue hata kama kuna mtu alipiga chafya humu."

"Shemeji," Fundi alidakia, "mimi nimepeleka boti za kifalme, na makalio yangu hayajui kiti cha boti hata kimoja. Nikifa, waandike kwamba nilisimama."

Mama Shuka alicheka, maana Fundi alichekesha. Lakini kuna kitu kilimchoma, akaenda jikoni bila kukitazama vizuri.

Safari haikuwa na raha. Walikwenda mchana, bandari hadi bandari, jioni wakifunga kamba kwenye gati za kigeni, wakajaza mafuta na kugongewa mihuri kwenye pasipoti. Bahari iliwapiga ubavuni. Mama Shuka alitapika mpaka akawa hana cha kutapika, na bado wanaume wawili walitaka kula. Alijifunza kukata kitunguu huku goti moja limebanwa kwenye kabati. Sufuria ya wali ilimponyoka ikaenda kugonga ukuta, akapiga magoti kuokota punje moja moja juu ya nailoni, akitukana matajiri wote wa dunia kwa ujumla na huyu mmoja kwa jina lake. Mngurumo wa injini ulimwingia kwenye meno. Hata walipofunga gatini na kuzima, aliendelea kuusikia.

Akawa anatafuta nafasi ya kusema. Siku moja alimpandishia Nahodha chai kwenye usukani, akasimama pembeni yake. Hakuwahi kumwona kazini. Macho yalikuwa mekundu, kidevu kimenyolewa vizuri, mkono mmoja juu ya usukani, mwepesi, kama unaoshika mkono wa mtoto.

"Baba," alianza, "nina neno."

"Sema, mke wangu."

King'ora kikalia. Mafuta waliyojaza bandari iliyopita yalikuwa na uchafu, injini ya kushoto imekabwa koo. Fundi akakimbilia chini akibubujika matusi, Nahodha akapunguza mwendo, wakayumbishwa hapo hapo mpaka alasiri wakibadilisha machujio ya mafuta. Neno la Mama Shuka likarudi tumboni lilikotoka. Jioni alijaribu tena, wakati wa kula. Alipoinua macho kutoka kwenye sahani ya karatasi akamkuta mume amelala ameketi, kijiko mkononi. Sasa mtu kama huyo unamwachaje? Alimtoa kijiko mkononi, akakiosha.

Siku ya mwisho bahari ilichafuka kuliko siku zote. Kule chini joto la injini lilikuwa la tanuri, na nailoni iliyotandikwa juu ya godoro ilimlilia sikioni kila alipojigeuza. Mama Shuka alipanda ngazi akijishikilia ukutani. Hakuwa na nia mbaya, alitafuta hewa tu. Mlango wa chumba cha mwenye boti ulikuwa umefungwa kwa kitasa cha fedha. Akaufungua. Akainua ncha ya nailoni, atazame shuka. Ni mtu wa mashuka, mumsamehe. Pamba nzito, ya bei, lakini imepigwa pasi kivivu, mikunjo imeachwa kwenye pindo. Aliipapasa. Maisha yake yote alikuwa ametandikia watu vitanda, akagundua kwamba hakumbuki nani aliwahi kumtandikia yeye. Akavuta nailoni ikaanguka sakafuni, akaingia ndani ya mashuka, akasema atafumba macho kidogo tu.

Aliamshwa na ukimya. Boti ilikuwa imefungwa gatini, nchi ya watu, na Nahodha amesimama mlangoni.

Mama Shuka alingoja kukemewa. Kwa kweli alitamani akemewe, maana ugomvi ungefungua mlango wa lile neno. Lakini Nahodha alisema tu, "Umelala vizuri?"

"Sijalala hivi miaka."

"Basi." Akavua kofia, akaiweka sakafuni. "Kesho asubuhi wakala wa mwenye boti anakuja kupokea. Tutandike."

Mama Shuka akashuka. Wakasimama, yeye upande huu, mume upande ule, wakaivuta shuka kati yao. Mikono ilielewana kuliko wenye mikono. Nahodha alitoa simu, akatazama picha aliyopiga siku ya kwanza, akapanga mito kama ilivyokuwa, wa bluu mbele, mweupe nyuma, akausogeza wa bluu upana wa kidole. Kisha akainama juu ya mto, akaokota unywele mmoja wa mvi, wa mkewe, akauzungusha kwenye kidole, akautia mfukoni. Alifanya hivyo kwa ustadi, bila kufikiri, jinsi mtu anavyofunga vifungo vya shati. Hapo kile kitu kilichomchoma Mama Shuka siku ya kwanza kikaja chote mbele ya macho yake.

"Hivi ndivyo unavyofanya nyumbani," alisema.

"Nini?"

"Unafuta. Nyumbani kwako unakaa kama unaipeleka nyumba ya mtu. Kikombe, kitanda, kila kitu. Ukiondoka hata harufu yako huiachi." Alimwonyesha kwa kidole mfuko ulioingia ule unywele. "Mimi nimekuja safari hii kukuacha. Nimetapika bahari nzima nikitafuta nafasi ya kukuambia. Naenda kukaa kwa dada."

Nahodha alikaa. Alikaa juu ya kitanda cha tajiri, juu ya shuka waliyomaliza kunyoosha, wala hakuona kwamba amekaa.

"Unakumbuka safari yangu ya kwanza?" aliuliza. "Ulinipigia simu nikiwa bandarini. Mtoto alikuwa ameokota kandambili yangu."

Alikumbuka. Binti yao hajajua kutembea vizuri, amekumbatia kandambili moja ya baba yake, analala nayo, haachi, anaburuta nyumba nzima akiita. Hali, halali. Mama Shuka aliificha juu ya kabati, mtoto akalia chini ya kabati.

"Nililia pale bandarini, watu wananitazama," alisema Nahodha. "Nikaapa. Nikaona nikiwa wa kuondoka, basi niondoke na kila kitu changu. Mtoto asikute kitu cha kuokota akaanza upya."

"Mtoto ana watoto wake sasa."

"Najua."

"Amehama. Kandambili yako haimhusu tena. Na bado unafuta."

"Nilizoea. Mkono umezoea." Aliitazama mikono yake. "Na nilidhani nafanya vizuri."

Mama Shuka alikuja kuwa na mengi ya kusema kuhusu jambo hili baadaye, lakini wakati ule lilimtoka moja, tena kwa ukali uliomshtua mwenyewe.

"Na mimi? Mimi niliokota nini?"

Nahodha alinyoosha pindo la shuka kwa kiganja.

"Wewe ulikuwa mtu mzima," alisema polepole. "Nilimwogopea mtoto. Wewe sikukuwazia. Nilikuona una nguvu."

"Nilikuwa na nguvu, ndiyo," alisema Mama Shuka. "Zimeisha."

Walitandika kitanda upya.

Asubuhi wakala alikuja, kijana aliyevaa suti na kuvua viatu, akapita vyumba vyote kwa soksi. Nailoni ilikuwa imetolewa na kukunjwa. Alifungua kabati, akapitisha kidole juu ya meza, akainama kutazama zulia. Hakuona kitu.

"Safi kabisa," alisema. "Huwezi kujua kama kuna watu waliishi humu."

Fundi alifurahi na kusimulia safari nzima akiongeza chumvi. Mama Shuka alisikia sifa ile ikampita ubavuni ikaanguka majini. Alitaka kitanda, cha yeyote, hata cha dada. Walikabidhi funguo, Fundi akaaga na kwenda zake kumtafutia mkewe zawadi, na wao wawili wakabaki gatini na mabegi yao, wakingoja teksi ya kuwapeleka uwanja wa ndege.

"Kwa dada unakwenda lini?" aliuliza Nahodha. Aliuliza akiyatazama maji.

Mama Shuka jibu alikuwa nalo tayari. Lilikuwa keshokutwa. Alijaribu kulisema, akaona amechoka hata kulisema.

"Tufike nyumbani kwanza," alisema. "Tukifika, ufungue begi. Utoe kila kitu, utupe unapotaka. Sakafuni ukitaka. Juu ya meza ya kulia. Nimefua hospitali nzima, nguo zako hazitanishinda. Nikichoka nazo nitakugombeza, na wewe ujibu."

"Na simu ikilia? Nikiitwa tena?"

"Nenda. Lakini uziache."

"Utaumia, mke wangu. Wewe huyajui maumivu hayo. Nilimsikia mtoto yule kwenye simu."

"Niache niumie!" alisema Mama Shuka, na mabaharia wa boti ya jirani wakageuka. Hakuwajali. "Mwenzangu, miaka yote hii hata kulia nilishindwa. Hukuniachia kitu cha kulilia."

Teksi ilifika langoni ikapiga honi. Kwa mara ya kwanza Nahodha aliitwa asinyanyue begi, wala Mama Shuka hakunyanyua la kwake, na dereva akaendelea kupiga honi.