Kozi ya Bahari na Kengele ya Kwale

Kengele niliisikia kabla sijauona ukumbi. Tulikuwa bado tunapanda kilima cha Kwale, mimi na dada yangu mdogo, jasho limeshatulowesha migongo, ikalia mara moja, ikanyamaza, kisha ikalia tena. Nilidhani ni shule.

"Wanaijaribu," akasema dada yangu. "Hiyo ndiyo itakayotukatiza."

Alikuwa ameambiwa kampasini kwamba kila mwananchi angepewa dakika mbili, kisha kengele.

Jopo lilikuwa limetoka Nairobi kusikiliza maoni juu ya mageuzi ya elimu. Walisema vyuo vikuu vyetu vimelegea, vinafundisha kila kitu kila mahali na havifundishi chochote sawasawa. Dawa yao ilikuwa kuzikusanya kozi zenye wanafunzi wachache na kuzipeleka kampasi kuu, huko bara. Kwamba vimelegea, sikatai. Mimi mwenyewe nimesoma fasihi nikiwa nimesimama nje ya dirisha la darasa, daftari nimelilaza juu ya kizingiti, kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukaa. Lakini miongoni mwa kozi za kuhamishwa kulikuwa na ya dada yangu: sayansi ya bahari, katika kampasi ndogo ya huku kwetu, naye alikuwa mwaka wa tatu. Huko bara walikotaka kuipeleka hakuna bahari. Jambo la wazi kama hilo, na ilibidi mtu apande kilima kwenda kulisema.

Wenzake wa darasani walimchagua yeye alisemee. Jana yake alasiri, jikoni kwetu Gazi, aliyajaribu maneno yake mbele ya mama, aliyekuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mimi nilishika simu kupima muda.

"Mikoko iko nyuma ya nyumba yetu," alianza. "Maji yakitoka, naingia mpaka penye mizizi, napima tope, narudi darasani viatu mkononi. Mkituhamisha, mikoko tutaisoma kwenye picha. Maabara yetu haina maji ya bomba, na kweli walimu hawatoshi. Basi leteni maji hapa, leteni walimu hapa. Mkitaka chuo kiwe na nguvu, kiacheni kikae penye kile kinachofundishwa."

Alimaliza, na muda ukabaki. Nilimpigia makofi. Mama hakupiga.

"Na salamu je?"

"Mama, ni dakika mbili tu."

"Hata ingekuwa nusu. Utasimama mbele ya watu wazima uanze tu, kama mtu aliyekuja kudai? Watasema huyu hakulelewa."

"Nitasalimu kwa ufupi."

"Salamu fupi ndiyo ipi hiyo?"

Nikaingilia. "Mama, jopo halikuja kusalimiwa."

"Wewe mwandishi, kaandike," akaniambia bila kuinua macho kwenye nazi. "Mwenzio mwachie adabu zake."

Ukumbini, chini ya mashine ya ubaridi, ilisomwa dua, ikafuata sala ya Kikristo, ikafuata ngoma, kisha wakafuata wakubwa. Kila mkubwa alisimama akasema itifaki zote zizingatiwe, kisha akazizingatia yeye mwenyewe moja baada ya nyingine, akimtaja kila mkubwa mwenziwe kwa cheo chake. Kengele ilikuwa mezani mbele ya karani, ya shaba, imelala ubavu. Haikumlilia mkubwa hata mmoja. Niliitazama asubuhi nzima huku nikijing'ata midomo. Zamu ya wananchi ilipofika, harufu ya pilau ya wageni ilikuwa imeshapenya mlangoni, na watu wa jopo walikuwa wanakunja na kukunjua karatasi.

Alitangulia kijana wa Ukunda, mtoto wa watu waliohamia kutoka bara, anayesoma mambo ya hoteli katika kampasi hiyo hiyo.

"Chair, mimi naenda direct kwa pointi. Sisi tunafunzwa kupika bila jiko. Tupeeni jiko. Nimemaliza."

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, aliandika huku anatabasamu.

Kisha akaitwa dada yangu. Alikishika kipaza sauti, akatazama mbele, nami nikajua tumekwisha. Safu ya kwanza alikaa imamu wetu. Kando yake akina mama watatu wa mtaani kwetu. Na mwisho wa safu, mkongojo mapajani, mwalimu aliyemfundisha kusoma.

"Assalaam aleikum."

Ukumbi ukaitika.

"Shikamooni wazee wangu. Shikamooni mama zangu."

Marahaba zilimjia vipande vipande, kila moja kutoka pembe yake, naye akazingoja zote zifike. Kwetu mtu haondoki kabla hajaitikiwa. Akamgeukia mwalimu. "Shikamoo, mwalimu wangu."

Mzee akajaribu kuinuka. "Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Anakusalimu sana."

Watu walicheka kwa mapenzi. Mimi nilikuwa nyuma, mkono hewani, nakata upepo kama mtu anayekata muwa: kata, kata, ingia kwenye mikoko! Hakuniona. Au aliniona.

"Nawashukuru wageni wetu kwa kufunga safari mpaka huku. Karibuni sana Kwale. Naomba radhi, maana mbele yangu wapo wanaojua kuliko mimi, nikikosea mnisamehe. Sisi wa kozi ya bahari—"

Kengele.

"Asante sana, binti," akasema mwenyekiti. "Umeongea vizuri mno. Karani, kozi ya bahari: wameshukuru, wanaunga mkono."

Nilisimama. "Hajaunga mkono! Hajasema kitu bado!"

"Ndugu, una zamu?"

"Sina zamu. Nina masikio!"

Wachache walicheka. Karani akanipigia mimi pia kengele.

Hakuwa mtu mbaya, yule mama mwenyekiti. Alikuwa na njaa, na alikuwa na ukumbi mwingine Msambweni jioni hiyo. Hilo ndilo linalonikera hadi leo: sina wa kumchukia. Walikuja kusikiliza, na usikilizaji wenyewe waliupima kwa kipimo cha watu wasiosalimiana.

Dada yangu alirudi akaketi. Kijana wa Ukunda akamwinamia kutoka safu ya nyuma.

"Sista, si ungeanza na hiyo stori ya bahari? Salamu ungeweka mwisho, zikikatwa zikatwe."

"Na mwalimu wangu nimpite kama nguzo?"

"Angekusamehe."

"Yeye angenisamehe," akasema dada yangu, akayaachia hapo.

Kozi ilihamishwa muhula uliofuata. Yeye hakuhama nayo. Alisema hawezi kwenda mbali kiasi kile kuonyeshwa picha ya tope la nyumbani kwao. Sasa yuko hoteli moja ya Galu, mapokezi. Anawasalimu wageni kwa lugha tatu, anawauliza habari za safari, anangoja mpaka wajibu. Meneja wake anasema hajapata mfanyakazi mwenye adabu kama yeye. Kila nikilisikia hilo hutamani kuvunja kitu.

Lakini siku ile hakuondoka kimya, na hilo nalitaka lijulikane, kwa kuwa halikuandikwa na karani. Mwenyekiti alipokuwa anafunga kikao, akisema watu wa pwani ya kusini wameyapokea mageuzi kwa moyo mkunjufu, dada yangu aliinuka akarudi mbele. Fundi alikuwa anazungusha waya wa kipaza sauti kiganjani. Akasema bila hicho kipaza sauti:

"Mtakakotupeleka hakuna mikoko."

Mwenyekiti alikuwa amemwinamia jirani yake, wanaulizana jambo. Dada yangu aliyarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Mwalimu wake alitikisa kichwa, imamu akatazama chini. Wa jopo walikuwa wanatia karatasi mikobani.

Aliuvuta mtandio wake mabegani, akapita katikati ya viti mpaka mlangoni. Askari akamfungulia.

"Ahsante, kaka," alimwambia.

Askari akaurudisha mlango nyuma yake, akausukuma kwa bega mpaka ukashika, ubaridi wa mashine usitoke.