Vitrine ya Samaki Zangu

Fundi anatia vitre, kioo mupya, ku dirisha yangu, na ile harufu ya mastic, gundi ya kushikisha vioo, inanirudishia hasira yote ya utoto.

Nilikuwa mutoto, na bita ya bunduki ilikuwa imemaliza bintu bya kuuzisha mu duka ya papa, kule Mususa. Vitrine, ile sanduku ya vioo ya kuonyeshea bintu, ikabakia tupu. Papa akaziba pembe zote na mastic, akaniambia: « Bintu hapana kurudi tena. Samaki zako zihamie humu. » Nilikuwa na tilapia ine mu bassin, beseni ya kufulia: Masika, Katungu, Kahindo na Kavira. Nikazihamisha pamoja na maji yao ya zamani, kikombe kwa kikombe, kusudi zisishituke.

Jioni mujomba akafika, amekimbia bita ya kule Mbau na bidon moja tu ya maji. Ndani kulikuwa kambare muzima, ya ndevu, samaki ya mwisho ya étang yake, kidimbwi ya kufugia samaki.

« Tumutie mu vitrine, » papa akasema.

« Papa, angalia ile kinywa! Atazikula! »

« Nyamaza. Mukimbizi hapana kupimwa kinywa. »

Kesho yake tukaenda misa. Tuliporudi, kambare alikuwa peke yake, tumbo kama ngoma. Nikamupigia mujomba kelele mpaka majirani wakatoka inje. Yeye akajibu tu: « Mais, maman yangu mudogo, alikuwa na njaa. »

Na papa akasema nani aombe pardon, musamaha? Ni mimi! Juu ya nini? Mugeni hapana kumupigia kelele. Nikapiga magoti mbele ya ile vitrine, nikamuomba mujomba pardon.

Papa alikufa bila kuniomba pardon yangu.