Jumamosi Sita za Tharcisse

Tharcisse alikuwa mpole wa sauti na mwepesi wa mkono. Nasema hivi mapema nisije nikadhaniwa namtetea. Nilimjua tangu siku aliyotua Toronto, Novemba ya 1994, akiwa na watoto wawili na begi moja, kwa sababu kanisa letu lilinituma mimi, Pulchérie, Mrundi mwenzake, nikampokee uwanja wa ndege. Mkewe, Joyeuse, alikuwa ameuawa Gitega mwaka mmoja kabla. Walimkata kwa panga mlangoni pake, na Tharcisse alimkuta bado ameshika mwiko. Habari hiyo alinieleza mara moja tu, tukiwa kwenye foleni ya magari, kisha akaniuliza kama watu wa Kanada huoga kila siku kwa baridi ile.

Alipanga chumba cha chini ya nyumba ya watu huko Brampton, akapata kazi katika kiwanda cha kuchinja kuku. Kutwa alikata shingo na mabawa, na kwa kisu alikuwa hodari. Wiki ya tatu mfanyakazi mmoja alimwita nyani. Tharcisse akaweka kisu chini, taratibu kabisa, akafuta mikono, akamvunja pua. Walipoitwa ofisini wote wawili, Tharcisse alisema, "Ndiyo, nimempiga," akamnyooshea mwenzake mkono wa kuomba radhi. Akasimamishwa kazi wiki mbili. Mwenye pua alikana kila neno, akarudi kazini mchana uleule na pamba puani.

Pale ndipo nilipaswa kumkalisha chini. Kwetu ukikosa unaitwa mbele ya wazee wa kijiji, bashingantahe, unakubali kosa lako hadharani, unaomba radhi, unaleta pombe, watu wanakunywa na jambo linakwisha. Anayekana ndiye anayechukiwa. Tharcisse aliishi hivyo miaka thelathini na minane. Hakuna aliyemwambia kwamba huku ukikubali, hakuna anayekuja kunywa, wanaliandika kosa lako. Mimi nilijua, nilikuwa na miaka saba Kanada. Sikumwambia kwa sababu nilimcheka tu, nikasimulia habari ya ile pua kanisani watu wakashika mbavu.

Januari ya 1996 mwanawe Landry, mwenye miaka tisa, alitoka na wenzake kwenda kuteleza juu ya bwawa lililoganda nyuma ya nyumba mpya za pale mtaani. Barafu ikapasuka. Mtoto mmoja alizama hadi kiunoni wakamvuta, na Landry akarudi nyumbani viatu vikichuruzika maji. Tharcisse alivua mkanda. Alimpiga mgongoni na mapajani, na chuma cha mkanda kikamchana ngozi sehemu tatu. Mdogo wake Mélissa alijificha chini ya kitanda akiwa ameziba masikio. Kesho yake shuleni, watoto walipokuwa wakibadili nguo za michezo, mwalimu akauona ule mgongo.

Nami niliuona baadaye. Nililia, na nikatamani kumchapa Tharcisse kwa mkanda uleule mpaka aite mama yake.

Jioni wakaja wanawake wawili wa ofisi ya ustawi wa watoto na askari mmoja. Tharcisse akawakaribisha chai. Wakamuuliza nani kampiga mtoto. Akaingia chumbani, akarudi na mkanda, akauweka mezani mbele yao. "Ni huu," akasema. "Ni mimi. Nilikosa, nilikuwa na hofu. Samahani." Alidhani yameisha. Walipowachukua watoto alilifuata gari la askari akaupiga mateke mlango mpaka ukabonyea, na ikabidi wanaume watatu wamlaze kifudifudi kwenye theluji. Watoto walipelekwa Unionville, kwa mzee mmoja na mkewe wasiojua neno la Kiswahili wala la Kirundi.

Jaji alimpa Jumamosi sita, kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei. Angewaona watoto mchana, mahali penye watu, mbele ya msimamizi. Zikipita zote sita bila mkono kuinuliwa, watoto wataanza kurudi. Ukiinuliwa hata mara moja, watatafutiwa familia nyingine moja kwa moja. Ofisi ilitaka msimamizi anayejua lugha yake na asiye na doa kwa polisi. Wakanichagua mimi. Nilikuwa nawaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, nina vyeti, natoa sadaka. Wakanipa beji ya kuvaa kifuani, fomu za kujaza, na mafunzo ya nusu siku ambapo mwanamume mwenye ndevu alitufundisha kwamba hata kumfinya mtu ni ukatili. Nilitikisa kichwa kukubali.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda makumbusho. Nje theluji ilikuwa ikiyeyuka, na kila mzazi wa Toronto alikuwa ameleta wanawe kuona mifupa ya wale wanyama wakubwa wa kale. Mwanamume mmoja mnene, akitaka nafasi ya kumpiga picha mwanawe, alimsukuma Mélissa kwa nyonga. Mtoto akaanguka kwa magoti. Kufumba na kufumbua Tharcisse alikuwa amemkaba yule mtu kola na ngumi iko tayari. Nilimkanyaga vidole kwa kiatu changu cha baridi na uzito wangu wote, kilo themanini na tano, nikamfinya ubavuni nikaisokota nyama.

"Tharcisse! Unataka watoto wako au unataka shingo ya huyu?"

Akamwachia. Yule mtu alitutukana, akaenda zake. Tharcisse alisimama anasugua ubavu, na Landry akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Tukaingia chumba cha maiti za kale za Misri. Landry aliitazama moja iliyofungwa sanda toka kichwani hadi miguuni, akamuuliza baba yake, "Papa, did they wrap Mama like that?"

"Hapana, mwanangu. Tulimfunga shuka la kitanda. Lile la bluu."

"Ulimwona ana damu?" Safari hii aliuliza kwa Kiswahili.

"Nilimwona. Nilimwosha mwenyewe."

Jioni nilijaza fomu: hakuna mkono ulioinuliwa. Kufinya kwangu sikukuandika.

Jumamosi zilizofuata nilimwona mtu akijivunja na kujiunga upya. Tulikwenda shamba la mifugo lililo katikati ya mji, ng'ombe akamrushia Landry teke likamkosa kidogo, na Tharcisse badala ya kumfokea mtoto aliyekaribia nyuma ya ng'ombe akapiga magoti kwenye matope akamshika mabega. Alikuwa akiongea meno yameumana, mishipa imemtoka shingoni, lakini aliongea. Akipandwa na hasira aliingiza mikono mifukoni. Siku moja mfuko ulichanika. Jumamosi ya tano, tukiwa kwenye basi, Landry aliacha kiti chake akaenda kukaa kando ya baba yake bila kuitwa. Nilitazama dirishani machozi yangu yasionekane.

Ya sita tulikwenda bustani ya wanyama, kule mashariki mwa Scarborough. Jua lilikuwa limetoka kikwelikweli, miti imechipua, na watu wa mji huu walikuwa wamevua nguo nusu kwa furaha. Tulifika kwa simba wakati wa kulishwa. Dume alimrarua jike sikio ili amwondoe kwenye mfupa, damu ikamtiririka usoni, na jike akarudi tena akang'ata. Akina mama wenye vigari vya watoto walipiga picha. Mélissa, aliyeniita Tantine, yaani shangazi, kama kaka yake, aliniuliza kwa nini hakuna anayewaita polisi.

Kwa dubu weupe kulikuwa na joto na msongamano. Tharcisse alikwenda kibanda cha juisi, hatua kama ishirini kutoka tuliposimama. Mimi nilikuwa namfunga Mélissa kamba ya kiatu. Nilipoinua macho, Landry alikuwa ameukwea uzio, ameupanda kama mtu aliyepanda punda, mguu mmoja unaning'inia upande wa dubu. Alikuwa akimwonyesha dada yake kwamba haogopi.

Nilimdaka fulana nikamvuta, akaniangukia. Mkono wangu ukapaa. Kofi la kwanza lilikuwa la hofu. La pili, nasema ukweli, lilikuwa la hasira, na lilikuwa zito zaidi. Pete yangu ya ndoa ikamchana mdomo wa juu, damu ikamchafua fulana yote kifuani.

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Alikuwa amegeuka makofi yakiwa yameshapita, akaona damu tu. Mlinzi akaja mbio, na Tharcisse naye akaja mbio, juisi zimemwagika mikononi mwake. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akaona pete.

"Nani amempiga?" mlinzi akauliza.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Me," akasema Tharcisse kwa Kiingereza chake. "I hit. Sorry. I am father." Akamnyooshea mlinzi mkono wa kuomba radhi.

"No!" Landry akalia, mdomo unachuruzika, akininyooshea kidole. "It was Tantine! It was her!"

Mlinzi alinitazama. Aliona mama wa makamo mwenye beji ya ofisi ya ustawi wa watoto. Akamtazama Tharcisse. Askari alipofika, mlinzi alimweleza kwa sauti ya chini kwamba watoto wa aina hii daima humtetea baba. Walimlaza Tharcisse juu ya boneti la gari, lenye moto wa jua, wakamfunga pingu. Hakujitetea hata kidogo. Mélissa alimng'ata askari mkono mpaka meno yakaacha alama, na mimi ndiye niliyemng'oa pale, huku nimenyamaza.

Nilinyamaza kwa ajili ya kazi yangu. Mtu aliyempiga mtoto haachiwi wazee wa watu awaogeshe. Hakuna sababu nyingine, na sitaki kutafuta nzuri zaidi.

Walimwachia jioni ile akingojea kesi. Jumapili nilimkuta nje ya kanisa, amevaa tai, amejaa utulivu.

"Mama, usijisumbue," akaniambia. "Wewe ni mkubwa wangu, ulitupokea. Siwezi kuacha mama afungwe kwa ajili ya mtoto wangu. Na mimi nimeshakubali, nimeomba radhi. Yataisha."

Nikamkamata tai nikaivuta mpaka uso wake ukafika kwenye uso wangu. Watu waliokuwa wakiimba mlangoni wakageuka.

"Hayaishi, mjinga wewe! Huku ukikubali hawakusamehe, wanakuchukulia watoto! Ulikubali pua, ukapoteza mshahara. Ulikubali mkanda, ukapoteza watoto. Mara ngapi?"

"Na wewe wangekuchukulia nini?"

Nikaiachia tai. Mimi ningepoteza kazi. Yeye angepoteza Landry na Mélissa. Alikuwa ameuliza kwa upole tu, akitaka kujua, na hilo ndilo lililonichoma.

Jumatatu asubuhi nilikaa jikoni na fomu. Je, mtoto amepigwa? Ndiyo. Na nani? Niliandika majina yangu yote matatu. Palikuwa na nafasi ya maelezo, nikaandika kwamba nilimpiga mara mbili, na mara ya pili hatari ilikuwa imeshapita. Niliipeleka kwa miguu mwenyewe kabla sijabadili nia.

Niliitwa polisi, ofisi ikanivua beji, na nyumba ya wazee ikaniambia nisirudi. Miaka miwili iliyofuata nilimenya viazi katika jiko la hospitali. Juni ya mwaka uleule, mbele ya jaji, Tharcisse aliulizwa kupitia mkalimani kwa nini aliwadanganya polisi. Akajibu kwamba alifikiri mtu mmoja akikubali, wengine wanakwenda nyumbani. Jaji alimkaripia kwa muda mrefu, akamwongezea Jumamosi nne na msimamizi mwingine, na Agosti watoto wakarudi Brampton.

Alinialika siku ya kusherehekea. Nilipika keki, nikavaa vizuri, sikuvaa pete. Chumba kile cha chini kilijaa watu wa kanisa, wali, maharage na kelele. Tharcisse alikuwa akipita nyuma ya Landry kuchukua hiki na kile, mkono wake unapita juu ya kichwa cha mtoto, na mtoto anaendelea kula. Kovu la mdomoni lilikuwa dogo, lakini lilionekana.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kumwomba radhi. Nikamwinamia, nikanyoosha mkono nimguse shavu.

Landry alijikunja, akaficha uso kwa mikono yote miwili, na sahani yake ikaruka ikavunjika sakafuni. Nilibaki na mkono wangu hewani, sijui niupeleke wapi.

"Samahani, Landry," nikasema. "Ni mimi niliyekosa. Samahani."

Hakuitoa mikono usoni. Tharcisse alipiga magoti kuokota vipande vya sahani, akaninong'oneza, "Kaa, Mama. Ule." Nilikaa, nikala. Landry alisogeza kiti chake upande wa pili wa meza, karibu na baba yake.